Ngao ya Fedha na Mali ya Mateka

Masomo ya kusoma nyumbani kwanza: Ezra 1:7-11, 1 Wafalme 14:25-28, Kumbukumbu la Torati 22:1-3, Hesabu 5:5-8, Luka 19:1-10.

 

Tulipokuwa tukisoma Waefeso sura ya 6 na kufika mstari wa 16, kijana mmoja aliuliza ngao ni kitu cha namna gani hasa, maana yeye hajaiona ila kwenye nembo za timu za mpira. Kabla hatujajibu, mama mmoja Mhabeshi aliyekaa nyuma akasema kwamba kwao ngao zipo, nyingine zimepambwa kwa fedha nyeupe inayong'aa kama kikombe cha Meza ya Bwana, lakini nyingi zilizo nzuri zilichukuliwa na Waingereza zamani za vita. Akasema hayo tu, akanyamaza. Tuliona haya kidogo, maana tumekaa na ndugu zetu Wahabeshi miaka mingi katika kambi hii, tunanunua sukari dukani kwao, wala hatujawahi kuwauliza habari za kwao.

Basi tukatafuta kusoma. Tumeona jambo hili lina somo kwetu, hasa kwa sababu ya shauri la cherehani ambalo wengi wenu mnalijua. Tutalifikia.

NGAO YENYEWE

Ngao ya Kihabeshi ni ya mviringo, imebinuka kama sufuria iliyofunikwa. Hutengenezwa kwa ngozi ngumu ya nyati au kiboko, ikakaushwa na kupigwa mpaka ishike umbo. Katikati kuna kitovu kilichojitokeza, na nyuma kuna mshikio wa kupitishia mkono. Askari wa kawaida alibeba ngozi tupu. Lakini mkuu wa jeshi, au mtu aliyefanya tendo la ushujaa, alipewa na mfalme ngao iliyofunikwa kwa mahameli, nyekundu au buluu au zambarau, na juu ya mahameli wakagongomea vipande vya fedha vilivyokatwa kwa ustadi, vikizunguka kitovu mpaka ukingoni. Nyingine fedha yake ilipakwa dhahabu.

Fedha ilitoka wapi? Mafundi wa Ethiopia waliyeyusha sarafu. Ni zile sarafu kubwa zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambazo wazee wa pwani ya Zanzibar na Mombasa waliziita reale. Zilipigwa zikiwa na mwaka 1780 hata miaka mia na zaidi baada ya malkia huyo kufa, kwa sababu watu wa biashara hawakukubali nyingine. Kila moja ina uzito wa gramu 28 hivi. Kwa hiyo mtu aliyebeba ngao ya namna hiyo alibeba pesa nyingi mkononi, na kila aliyemwona alijua.

Fedha hiyo haikuongeza ulinzi. Ngozi ya nyati ndiyo iliyozuia mkuki na upanga. Fedha ilikuwa heshima, ilisema mtu huyu ni nani na nani amemheshimu. Sisi tuliokimbia tukiwa na vyeti vyetu vya shule vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ili mvua isiviharibu, tunaelewa. Cheti hakizuii njaa hapa. Lakini mwulize mwalimu wa Bukavu kama yuko tayari kukitupa.

Biblia nayo inazijua ngao za namna hii. Mfalme Sulemani alitengeneza ngao kubwa 200 za dhahabu na ndogo 300, akaziweka katika nyumba ya mwitu wa Lebanoni (1 Wafalme 10:16-17). Dhahabu ni laini, hakuna askari anayeitegemea vitani. Zilikuwa za kuonyesha utukufu wa ufalme. Hazikukaa. Mwanawe Rehoboamu alipokuwa na miaka mitano tu katika kiti, Shishaki mfalme wa Misri akapanda akazichukua zote. Rehoboamu akatengeneza nyingine za shaba mahali pake, na kila alipokwenda nyumbani mwa Bwana walinzi walizibeba mbele yake, halafu wakazirudisha chumbani. Wahubiri wengi humcheka Rehoboamu kwa jambo hilo, kwamba alifanya maonyesho kwa vitu vya bei ndogo. Sisi hatumcheki sana. Mtu aliyenyang'anywa hujaribu kusimama vizuri kwa kile alichonacho, kama mama anayepiga pasi kitenge kimoja kila Jumamosi jioni.

MAQDALA, MWAKA 1868

Mfalme Tewodros wa Pili wa Ethiopia alimwandikia Malkia Victoria barua mwaka 1862 akitaka urafiki na mafundi. Hakujibiwa. Akakasirika, akamfunga balozi mdogo wa Uingereza pamoja na Wazungu wengine, wakiwamo wamisionari. Uingereza ikatuma jeshi kutoka India, chini ya Jenerali Robert Napier, likiwa na askari wapatao 13,000 na tembo 44 wa kubeba mizinga. Njiani walinunua chakula na majani ya wanyama kwa wenyeji, wakilipa kwa reale zile zile za Maria Theresa.

Vita vilipiganwa chini ya mlima Maqdala tarehe 10 Aprili 1868, siku ambayo kwa Waingereza hao ilikuwa Ijumaa Kuu. Waingereza walikuwa na bunduki mpya zinazojazwa risasi kwa nyuma. Watu wa Tewodros wapatao 700 walikufa siku ile, na upande wa pili wawili. Ngao, ziwe za ngozi tupu au za fedha, hazikumfaa mtu. Tewodros akawafungua wafungwa wake. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 13, ngome ikavamiwa, naye akajiua kwa bastola ambayo Malkia Victoria mwenyewe alimpa zawadi zamani.

Wafungwa walikuwa wamekwisha kuwa huru. Kazi iliyolileta jeshi ilikuwa imekwisha. Ndipo uporaji ukaanza. Walichukua hazina ya mfalme na hazina ya kanisa la Medhane Alem, maana yake Mwokozi wa Ulimwengu: mataji, vikombe vya ushirika, misalaba ya maandamano, vitabu vya ngozi vilivyoandikwa kwa mkono, mavazi, ngao. Walihitaji tembo 15 na nyumbu karibu 200 kuvibeba mpaka uwanda wa Dalanta, na huko tarehe 20 na 21 Aprili wakavipiga mnada wao kwa wao. Mtu wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alikuwa amefuatana na jeshi akiwa na pesa za kununulia, naye alinunua vingi. Pesa za mnada ziligawiwa askari, na kila mmoja akapata kama reale nne.

Fikirini kidogo juu ya askari huyo. Hakuwa tajiri. Amepanda milima miezi mingi, amepewa reale nne. Mwenzake ametoa reale zake akanunua ngao mbele ya maofisa, kwa bei iliyotangazwa. Akaipeleka kwao, akaitundika ukutani, akafa, mtoto akairithi, mjukuu akairithi. Mjukuu hakuiba kitu. Pengine hajui hata Maqdala iko wapi.

Alichukuliwa na mtoto pia. Alemayehu, mwana wa Tewodros, alikuwa na miaka saba. Baba amekufa, na mama yake akafa njiani kabla hawajafika baharini. Walimpeleka Uingereza, wakamsomesha, Malkia alimpenda. Alikufa mwaka 1879 akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor. Waethiopia wameomba mifupa yake irudi. Mwaka 2023 jumba la kifalme lilikataa, likisema haiwezekani kuitoa bila kusumbua makaburi mengine. Mwaka huo huo jamaa za ofisa aliyemlea mtoto yule walitoa kishungi cha nywele zake, kikakabidhiwa Waethiopia huko London. Wenye watoto waliozikwa njiani Tanzania au Zambia wataelewa kwa nini watu walilia kwa sababu ya kishungi cha nywele.

VITU VINAVYORUDI

Mwaka 1871, miaka mitatu tu baada ya vita, waziri mkuu wa Uingereza, Gladstone, alisimama bungeni akasema anasikitika kwamba vitu hivyo vililetwa. Maneno yake hayakurudisha hata kijiko. Lakini baadaye vingine vilianza kurudi, kimoja kimoja.

Mwaka 2001 kanisa la St John's, Edinburgh, lilikuta kabatini mwake tabot. Hiki ni kibao kitakatifu, mfano wa zile mbao za Amri, na kwa Waorthodoksi wa Ethiopia kanisa lisilo na tabot si kanisa, wala hakuna anayeruhusiwa kukiona ila makasisi. Kanisa lile halikungoja kushtakiwa. Mwaka 2002 kibao kilirudi Ethiopia. Jumba la Makumbusho la Uingereza lina vingine 11, vimefungwa chumbani visionekane na mtu, na sheria ya mwaka 1963 inalibana lisitoe vitu vyake.

Mwaka 2021 taasisi moja iliyoko Uingereza ilipata kwa wenye navyo ngao ya kifalme, taji, misalaba, kitabu cha sala na vikombe vya pembe vilivyopambwa kwa fedha, ikavikabidhi ubalozi wa Ethiopia. Mwezi Februari 2024 ngao nyingine ya Maqdala ilikuwa imetangazwa kwa mnada huko Newcastle. Serikali ya Ethiopia ikaandika kupinga. Ngao ikaondolewa mnadani, yakafanyika mazungumzo na mwenye nayo, na kwa msaada wa Royal Ethiopian Trust ikarudi kwao mwaka huo huo.

Sasa tufungue Ezra 1. Nebukadreza ndiye aliyechukua vyombo vya nyumba ya Bwana. Koreshi hakuvichukua. Yeye aliishinda Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, akavikuta ndani ya hazina, mali yake halali kwa sheria za wafalme wa siku zile. Angeweza kusema, sikuiba mimi. Badala yake akamwita Mithredathi mtunza hazina, na vyombo vikahesabiwa mbele ya Sheshbaza mkuu wa Yuda: sahani za dhahabu 30, sahani za fedha 1,000, visu 29, mabakuli ya dhahabu 30, ya fedha 410, na vingine, jumla 5,400. (Mwenye kalamu akijumlisha ataona havifiki 5,400. Inaonekana mwandishi hakutaja vyote kwa jina.) Vilihesabiwa kwa sababu waliokuwa wanarudi walikuwa wakimbizi, na mkimbizi huambiwa kirahisi kwamba hakuwa na kitu.

Ni lazima tuseme na upande wa pili, ili tusidanganyane. Tewodros mwenyewe alikusanya sehemu ya hazina ile kwa nguvu. Mwaka 1866 aliuvamia mji wa Gondar, akachukua mali na vitabu vya makanisa yake kwa ajili ya kanisa lake la Maqdala. Kwa hiyo Waingereza walipora pia vitu vilivyokwisha kuporwa. Je, hilo linampa mporaji wa pili haki? Mtu akisema mwenye mali naye alikuwa mwizi, amejipa kazi ya hakimu baada ya kula mali. Sisi tumesikia maneno hayo hayo katika nchi zetu, kabila kwa kabila, kila moja likihesabu ng'ombe walioibwa na babu wa mwenzake.

SHAURI LA CHEREHANI

Mwaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi wote waliokaa mijini warudi Dzaleka, dada yetu mmoja, mjane, alitoka Chinsapo mwezi wa Mei akiwa na watoto na mifuko miwili. Cherehani ilibaki ndani ya kibanda chake cha kushonea. Kibanda kilivunjwa usiku. Nani alikivunja hatujui.

Ulipita mwaka. Siku moja aliingia nyumba ya ndugu mmoja wa kanisa letu hapa kambini kumwona mgonjwa, akaiona. Aliitambua kwa alama ya pasi ya mkaa iliyounguza ubao, na chini ya ubao jina la mtoto wake lilikuwa limechorwa kwa msumari. Ndugu yule akasema mbele yetu, "Baba Mchungaji, mimi sikuiba. Nilinunua sokoni Lilongwe mchana, watu wakiona." Ni kweli. Tena alikopa kwacha kwa mtu wa katapila, na riba ilikuwa bado inamla.

Sisi wazee tulikaa, tukasoma 1 Wakorintho 6:7, pale Paulo anapowauliza waamini kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko kushtakiana. Tukamwambia mjane asamehe. Akasema, "Nimesamehe, Baba. Lakini watoto wangu watakula nini?" Hatukuwa na jibu, tukafunga kikao kwa maombi. Aliendelea kuja ibadani, ila aliacha kuimba na akina mama.

Tulikosea, na tunaandika hapa kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya kanisa. Tulichukua andiko linalomhusu anayetaka kushtaki, tukamfunga nalo mdomo anayelia. Andiko lililotufaa lilikuwa Kumbukumbu la Torati 22. Mtu akimwona ng'ombe wa nduguye amepotea, asijifiche. Akiwa hamjui mwenyewe, amkalishe kwake mpaka mwenyewe atakapokuja kumtafuta, ndipo amrudishie, na vivyo hivyo kwa vazi na kwa kila kitu kilichopotea. Mtu huyo si mwizi. Hana hatia yoyote siku anapomchukua ng'ombe. Wajibu wake unamjia siku mwenyewe anapotokea.

Hesabu 5 ni ya mkosaji. Huyo hurudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, na kama mwenye mali amekufa humpa jamaa yake wa karibu. Zakayo alijitoza zaidi, mara nne. Hatukumdai ndugu yetu sehemu ya tano, maana hakumkosea mtu. Tulimwomba afanye alivyofanya Koreshi.

Alikaa wiki mbili bila kuja kanisani. Halafu akaja jioni na cherehani begani. Tuliandika karatasi, mashahidi watatu wakatia sahihi. Kanisa lilichanga nusu ya deni lake la katapila kwa miezi mitatu, na kuna Jumapili ambayo mchango huo ulikuwa mihogo. Mjane, bila kuombwa, alishona sare za shule za watoto wa ndugu yule watatu, hakuchukua pesa. Nusu ya pili ya deni bado anailipa mwenyewe, na hatutasema kwamba moyo wake umetulia. Juzi alituambia kwamba waliovunja kibanda wanalala usingizi, na yeye aliyenunua kwa jasho ndiye anayelipa. Tulimwambia ni kweli, Baba, ndivyo ilivyo.

MASWALI KWA AJILI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Je, katika nyumba yetu kuna kitu ambacho tulikinunua kwa bei ndogo mno kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama au ana njaa? Kununua kwa mwenye njaa kunatofautianaje na kununua mali iliyoporwa?

Wazazi, mmewaeleza watoto ni vitu gani mliviacha nyumbani, kwa majina yake, kama Mithredathi alivyovihesabu? Andikeni orodha pamoja nao, hata kama ni mbuzi, mlango, au picha ya harusi.

Ndugu yule angekataa kabisa, kanisa lingefanya nini?

Vikundi vinavyopenda kusikia zaidi habari za ngao na makanisa ya Ethiopia, yule mama amekubali kuja kutusimulia Jumatano baada ya maombi. Mje na viti, maana madawati hayatoshi.